Mkono wa Kushoto wa Pilipili

Pale kituoni walimwita Pilipili, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa fundi mkuu wa maabara, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mdomo usio na breki. Viatu vyake vikisikika kwenye korido, hata mtu aliyekuwa akifanya kazi yake sawasawa alianza kujikagua. Wapo waliodai kwamba moyoni ni mtu mwema. Hao ni wale ambao hawajawahi kuazima kalamu yake wakachelewa kuirudisha.

Kitengo chao kilikuwa kikijaribu dawa mpya ya saratani ya matiti, na kabla dawa haijaruhusiwa kumgusa binadamu ilibidi ipite kwa tumbili. Homoni ya kike ikiingia kwenye damu huzunguka mwili mzima mpaka ikutane na kipokezi chake, kijisehemu kidogo kwenye seli kilichoumbwa kuipokea hiyo na si nyingine. Ikishapokelewa, seli hupata amri ya kukua, na kwenye titi lenye saratani amri hiyo ndiyo balaa lenyewe. Dawa ilitakiwa iwahi kukaa kwenye kipokezi, kama mtu anayekalia kiti cha mwenzake ukumbini, mwenye kiti akija abaki amesimama. Kazi ya Pilipili ilikuwa kupima homoni kwenye damu ya tumbili na kuhesabu vipokezi chini ya darubini, kwenye vipande vya nyama vilivyokatwa vyembamba hadi mwanga unapita. Wengine waliifanya kazi hiyo kwa ajili ya mshahara. Yeye aliifanya kwa kisasi.

Saratani hiyo ilimuua mdogo wake, ndugu yake pekee wa tumbo moja. Na kana kwamba msiba wenyewe hautoshi, mume wa marehemu alikuwa akifanya kazi jengo hilo hilo: ndiye aliyekuwa mtunzaji wa tumbili. Pilipili alimwita "shemeji" mbele za watu, lakini kwa jinsi alivyolitamka neno lile, lilikuwa tusi. Walinzi wakalidaka, wafagizi wakalidaka, naye akawa Shemeji wa kituo kizima, hadi kwa Profesa, mkuu wa kitengo.

Mashtaka ya Pilipili dhidi yake yalikuwa yale yale siku zote. Mdogo wake aligundua uvimbe kwenye titi, mume akajua, na wote wawili wakakaa kimya mwaka mzima. Pilipili, ambaye kazi yake ni ugonjwa huo huo, alikuja kuambiwa wakati mgonjwa hawezi tena kuinuka kitandani. "Umemficha mpaka umemzika!" alimwambia Shemeji makaburini, kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakijiondokea. Shemeji hakujibu. Hakujibu siku ile wala siku nyingine yoyote, na ukimya wake ndio uliozidi kumtia Pilipili wazimu.

Shemeji mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kutembea kando ya ukuta. Sifa yake pale ni kwamba tumbili wake hawakukamatwa kwa nyavu. Aliwazoesha kwa subira kupitisha mkono kwenye tundu la kizimba na kuuacha pale, wakatolewa damu huku wanatafuna. Tumbili aliyetishwa damu yake hubadilika, homoni zikapanda na kushuka ovyo, kwa hiyo upole wa Shemeji ulikuwa sehemu ya utafiti. Pilipili alilijua hilo vizuri. "Kubembeleza anajua," alikuwa akisema. "Kupeleka mtu hospitali ndiko hajui."

Tumbili wa utafiti ule wote walikuwa majike waliotolewa ovari, ili miili yao isitengeneze homoni ya kwao. Kisha wakagawanywa. Kundi la kwanza lililishwa homoni ndani ya ndizi. La pili lilipewa homoni pamoja na dawa mpya. La tatu lilipewa ndizi tupu, na hilo ndilo lililokuwa kipimo cha mengine, maana damu yao haikutakiwa kuwa na homoni hata ya kusingiziwa. Ndizi ziliandaliwa na Shemeji peke yake, katika chumba kidogo chenye sinki na meza ya bati, kila kundi na sinia lenye rangi yake.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Pilipili hakumwambia mtu. Alikuwa amefika umri wa kukoma hedhi, na joto lilikuwa linampanda ghafla mchana kweupe, jasho likamtiririka katikati ya kikao kama mtu aliyefumaniwa. Daktari wake alimwandikia jeli ya kupaka mkononi. Kila asubuhi akifika kazini aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akajipaka mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, akasubiri ikauke, akavaa koti jeupe. Halafu, kabla ya kwenda maabara, alipitia kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa tumbili mzee wa kundi la tatu, kizimba cha kwanza ukiingia mlangoni, sikio moja limechanika. Sheria ya kituo ilikuwa wazi: mtu wa maabara hagusi mnyama bila glavu ndefu. Pilipili mwenyewe ndiye aliyeibandika ukutani, na aliwahi kumtimua mwanafunzi kwa kuivunja. Lakini muda mfupi baada ya msiba alikuja pale kumtafuta Shemeji amtukane, hakumkuta, akaegemea kizimba kwa uchovu. Bi Mkubwa akatoa vidole, akamshika kiganja, akamsukumia juu mkono wa koti taratibu, akaanza kumpekua ngozi kwa kucha na ulimi kama wanavyopekuana wao kwa wao. Pilipili alitaka kupiga kelele. Badala yake alilia. Alilia hadi mabega yakamcheza, na yule mnyama hakuacha kazi yake.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi, Shemeji akiwa kwenye ndizi. Anapandisha mkono wa koti, anapekuliwa, anaushusha, anaondoka na uso wake wa vita. Katika siku nzima hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi pekee ambayo hakuwa na ugomvi na yeyote.

Majibu ya damu yalipotoka, Bi Mkubwa alikuwa na homoni. Wala haikuwa chembe ya kupuuzwa. Ilikuwa homoni ya kutosha, na kipande kilichokatwa kwenye kizazi chake kilionyesha seli zimenenepa na kuamka kama za jike mwenye ovari zake. Pilipili alirudia kipimo. Majibu yalipokuja yale yale, alihisi kitu ambacho baadaye alikionea haya: alifurahi.

"Ndizi zimechanganywa," alimwambia Profesa, hata kabla hajaketi. "Tumbili anayekula ndizi tupu anatoa wapi homoni?"

Profesa alikuwa mtu wa miwani minene na vidonge vya kiungulia. Akavua miwani. "Unajua unachosema? Zikichanganyika kwa mmoja, siwezi kumwamini hata mmoja. Utafiti mzima unakwenda na maji."

"Kwani mimi ndiye ninayewalisha?"

Shemeji akaitwa. Alisimama mlangoni na mabuti yake ya mpira, ananuka maganda ya ndizi.

"Sijachanganya," alisema.

"Masinia yamejichanganya yenyewe," Pilipili akadakia.

"Profesa, sijachanganya."

"Basi nieleze," Profesa alisema. "Homoni imetoka wapi?"

Shemeji alimtazama Pilipili. Hakuwa amemtazama hivyo tangu makaburini. Macho yake yakashuka hadi kwenye mkono wa koti jeupe, yakatua hapo kidogo, kisha yakarudi sakafuni. "Siwezi kueleza," akasema.

"Tutakutana Ijumaa. Nisipopata maelezo, utafiti unasimama na wewe unakwenda nyumbani."

Mwingine angeridhika hapo. Pilipili alimfuata hadi kwenye chumba cha ndizi na kusimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Safari hii hutanyamaza ukapona."

"Niache nifanye kazi."

"Kazi ipi? Ukitoka hapa mtoto anahamia kwangu. Nimeshaongea na wakubwa wa familia, wamekubali. Asiye na kazi atamlea na nini?"

Kisu kikasimama juu ya ndizi. Mtoto aliyetajwa ni binti pekee wa marehemu, yuko sekondari, na kwa Shemeji hakukuwa na kingine kilichobaki.

"Mtoto usimguse," alisema.

"Ni damu ya mdogo wangu."

"Ni yangu pia."

"Hata mama yake alikuwa wako. Yuko wapi leo?"

Shemeji aliweka kisu chini. "Toka," akasema. "Toka kwenye chumba changu." Pilipili akatoka, na ukweli usemwe, alitoka amefurahi kwamba hatimaye amemuuma.

Lakini hakutosheka. Alitaka ushahidi usio na mlango wa kutokea. Kipimo cha kawaida kilisema tu homoni ipo kiasi gani. Hakikubagua ni homoni gani. Kulikuwa na mtambo mwingine uliobagua. Homoni ya kwenye ndizi ilikuwa ya kutengenezwa, tofauti kidogo na ile ya mwilini, na kwenye skrini ya mtambo ule kila moja ilichora kilima mahali pake. Pilipili alitaka kilima cha ndizi kiote kwenye damu ya Bi Mkubwa, akipeleke kwa Profesa, yaishe. Hakuna aliyemtuma. Alitia damu, akakaa na chai yake, akasubiri kumzika mtu.

Mtambo ukachora. Mahali pa homoni ya ndizi palikuwa tambarare kabisa. Mbele kidogo kikapanda kilima kimoja kirefu, chembamba: homoni ya asili, ile inayotengenezwa na ovari za tumbili na za mwanamke. Pilipili akaweka kikombe chini. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mpasuaji alibakiza kipande cha ovari. Akatafuta majibu ya zamani ya Bi Mkubwa, ya tangu apasuliwe. Hakukuwa na kitu, miezi na miezi, kisha ghafla ikaanza. Maana yake homoni imetoka nje, na haikupitia kwenye ndizi.

Joto likampanda. Akavua koti, akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta leso, vidole vikagusa tyubu ya jeli.

Akaitoa. Alikuwa ameishika kila siku. Kichwani mwake ile ilikuwa dawa ya joto, kitu cha mkoba, ndugu wa losheni. Homoni zilikuwa vitu vya kwenye friji ya maabara, vinavyoshikwa kwa glavu. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa homoni na vipokezi, na hata siku moja hakuwahi kujihesabu yeye mwenyewe kuwa chupa inayovuja. Ubavuni mwa tyubu palikuwa na jina la homoni ile ile iliyochora kilima, na chini yake, kwa herufi ndogo, onyo: sehemu iliyopakwa isiguswe na watoto wala wanyama.

"Mama yangu," alisema kwa sauti, humo chumbani peke yake.

Alijua papo hapo kwamba anaweza kufuta. Angebonyeza mara moja tu, picha ingepotea, na Ijumaa Shemeji angeondoka na mabuti yake. Hata Mungu angeona ni haki, alijiambia. Mtu huyu ana deni la mwaka mzima wa kimya. Lakini dawa nayo ingerudi kabatini, ndizi zikiwa hazina kosa. Na dawa hiyo ndiyo kisasi chake. Alikuwa bado na kidole juu ya kitufe simu ilipolia. Alikuwa yule binti.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Baba anafukuzwa kazi?"

"Nani kakwambia?"

"Hajasema mtu. Anapanga nguo zangu kwenye sanduku. Anazikunja moja moja, nikimuuliza hajibu. Mama mkubwa, ni wewe umemsemea?"

Pilipili alikitazama kidole chake juu ya kitufe.

"Kama ni wewe, mimi siji kwako. Afadhali nilale nje." Simu ikakatwa.

Ijumaa Profesa alianza bila salamu. Watu wa kitengo walikuwa wamejaa chumbani, wengine wamekuja kwa kazi, wengine kuangalia sinema ya bure. Shemeji alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakuvaa mabuti siku hiyo. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na Pilipili akalitambua: ndilo alilovaa siku ya mazishi.

"Kuna mwenye neno kabla sijaamua?" Profesa aliuliza.

Pilipili akasimama, akavua koti, akaweka tyubu na picha ya vile vilima mezani.

"Homoni ni yangu," alisema. "Najipaka hii mkononi asubuhi. Halafu naenda kwa Bi Mkubwa, nampa mkono, ananilamba. Kila siku. Bila glavu."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko.

"Wewe?" Profesa alisema. "Wewe uliyebandika sheria ukutani?"

"Mimi."

"Uliyetaka nimfukuze huyu mtu?"

"Ndiyo, mimi. Ndizi hazina kosa, ushahidi huo hapo. Mtoe Bi Mkubwa kwenye hesabu, waliobaki ni salama. Utafiti usisimame."

"Hautasimama!" Profesa aligonga meza, tyubu ikaruka. "Lakini si na wewe. Kwa wanyama hukanyagi. Sampuli hushiki. Utakwenda chumba cha kuoshea vyombo, uoshe chupa mpaka nijue nikufanye nini. Mtu mzima hovyo!" Hakuna aliyemtetea. Kila mmoja pale alikuwa na siku yake aliyowahi kusulubiwa na Pilipili, na leo zilikuwa zinalipwa zote kwa mkupuo. Shemeji aliambiwa tu, "Wewe rudi kazini," hata pole hakupewa.

Pilipili alimkimbilia kwenye korido. "Shemeji," akaita, na safari hii neno lilitoka bila sumu.

Hakugeuka.

"Ulikuwa unajua."

"Ya jeli sikuyajua," Shemeji alisema, bado amempa kisogo. "Lakini kila asubuhi, nikiwa chumba cha ndizi, nilikuona pale kizimbani."

"Mbona hukusema?"

Hapo akageuka. Usoni mwake hamkuwa na huruma hata kidogo. "Niseme kwa nani? Ningekutaja ungenirarua mbele ya watu, na wangekuamini wewe. Kunyamaza kwa sababu yako nimeshazoea."

"Kwa sababu yangu? Lini?"

"Mdogo wako alipougusa ule uvimbe, wa kwanza niliyesema aambiwe ni wewe. Nilikuwa nimeshavaa viatu nije kwako. Akanishika, akalia, akasema, 'Usimwambie dada. Atanigombeza.' Mwaka mzima kila nikisema twende kwa dada, jibu ni hilo hilo. Alikuogopa wewe kuliko ugonjwa. Akaniapisha. Sasa pale makaburini ulitaka nikujibu nini?"

Pilipili aliutafuta ukuta kwa mkono.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu nilikuwa tayari kuondoka hapa nimeibeba siri yake, na mtoto nimkose. Nimechoka. Sasa ibebe wewe." Akaingia kwa tumbili wake, akafunga mlango.

Asubuhi ya kazi iliyofuata Pilipili alipita nje ya mlango ule akielekea chumba cha vyombo. Saa yao ilikuwa imefika, na Bi Mkubwa alikuwa anatikisa kizimba kwa fujo. Pilipili alisimama. Bila kufikiri, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mkono wa koti wa kushoto. Kutoka ndani akasikia sauti ya Shemeji, ile ya kubembeleza: "Tulia, bibi. Haji tena." Akaendelea na safari.

Kwenye chumba cha vyombo alikuwepo mwoshaji, mama mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kwa miaka yote hiyo Pilipili hakuwahi kumsalimia isipokuwa kwa kumkosoa. Alikuwa amempa mgongo, anahesabu chupa kwa midomo. Viatu vya Pilipili vikagonga sakafu. Mama yule akashtuka, chupa ikamponyoka, ikapasukia kwenye sinki.

Aligeuka upesi na mkono nyuma ya mgongo. "Si kitu," akasema. "Si kitu, mkubwa. Nitaifidia." Alikuwa anatabasamu, na kwenye vigae vyeupe nyuma ya visigino vyake matone ya damu yalikuwa yanadondoka, tone baada ya tone.

Pilipili aliyatazama matone yale. Kisha akanyoosha kiganja.

"Lete mkono nione," alisema, kwa sauti ya chini kabisa aliyoweza kuipata.

Mama yule akarudi nyuma hadi kwenye sinki, akauficha ule mkono zaidi.